Jicho la Juu Halifungwi

Watu wa Kilwa Kivinje wakimtaja Bi Batuli hawaanzi na sura yake wala ukoo wake. Wanaanza na madirisha. "Unamjua yule bibi mwenye madirisha ya kupanda na kushuka?" Ukishaambiwa hivyo huna haja ya kuuliza njia.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, kuukuu, chokaa imebanduka kama ngozi ya nyoka anayejivua. Lakini madirisha yake, we acha tu! Mbao za mvule, zimekuwa nyeusi kwa umri. Kila dirisha lina vipande viwili vya vioo vidogo vidogo, kimoja juu, kimoja chini, na kila kipande kinateleza kwenye mfuo wake. Ndani ya mihimili ya pembeni, mahali ambapo jicho halifiki, kuna vyuma vizito vimening'inizwa kwa kamba zinazopita juu ya vijigurudumu. Unakisukuma kipande kwa vidole, kinapanda. Ukikiachia hakianguki, kinatulia palepale kama mtoto aliyefunzwa.

Bi Batuli aliletwa humo bibi harusi kutoka Kikole, binti wa shamba. Kwao nyumba zilikuwa za udongo na makuti, upepo unapita kati ya ukuta na paa bila kubisha hodi. Asubuhi ya kwanza mama mkwe wake, Bi Mwahija, hakumwonyesha jiko wala kisima. Alimshika mkono akampeleka dirishani.

"Cha juu shusha shubiri," akamwambia. "Cha chini pandisha shubiri. Joto lina kiburi, mwanangu, linapenda kukaa juu. Lipe njia ya huko huko juu litoke. Baridi ni mnyenyekevu, itaingia chini yenyewe. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Sasa sikia. Cha chini utakifunga mwizi akija, mvua ikija, paka akija. Cha juu hakifungwi. Hilo ndilo jicho la nyumba. Halifungwi hata mtu akifia ndani."

Batuli akauliza kwa nini. Bi Mwahija akaonyesha kwa kidevu nyumba ya pili, ambayo siku hizo ilikwisha kuwa gofu, mtini umeota sebuleni. Akasema humo mlikuwa na mzazi na kichanga chake, ndani ya arobaini. Kusi, ule upepo wa baridi, likavuma vibaya, wenyewe wakamtilia mzazi jiko la moto, wakapigilia madirisha misumari, juu na chini. Kulipokucha wakakutwa wamelala, nyuso zao nyekundu, nzuri, utadhani wametoka kuoga. Mtu ukiwaita, hawaitiki.

"Watu wakasema jini subiani amewachukua," Bi Mwahija akamaliza. "Mimi subiani simjui. Ninachojua, jicho lilikuwa limefungwa."

Batuli hakuuliza tena. Kusoma kwake mpaka leo ni kuandika jina lake na kuzitambua namba za simu za wajukuu. Lakini neno lile lilimkaa kifuani kuliko alama yoyote ya kalamu.

Akaishi na madirisha yale maisha yake yote. Kila karibu na masika alizikagua kamba, iliyolika akaibadilisha kwa kamba ngumu ya wavuvi. Mifuo akaisugua kwa nta. Hakuwahi kumruhusu fundi ayaguse; mafundi, alisema, wanajua kupigilia, hawajui kuteleza. Akamzika mkwe, akamzika mume, akalea watoto wake na wa wenzake kwa kuuza vitumbua barazani. Hakuna aliyemsikia akimwomba mtu kitu. Chumvi ikiisha alikula bila chumvi. Na akishasema, amesema. Kumwelezea mtu mara ya pili aliona ni kujidhalilisha.

Mjukuu aliyemlea mwenyewe ni Sadick. Huyu alipata kazi Songo Songo, akawa anakwenda kule kisiwani na kurudi. Akaoa binti wa Kitomanga, Hafsa, akamleta nyumbani kwa bibi yake. Bi Batuli alimpenda tangu siku ile, ingawa kwa mdomo alimwita "mke mwenzangu", na Sadick akimwita "mume wangu", kama bibi wote wa pwani wafanyavyo.

"Mke mwenzangu, leo zamu ya nani kumpikia?"

"Yako, Bibi. Mimi jana kaniudhi."

"Basi leo atalala na njaa, maana na mimi kaniudhi."

Nyumba ikawa na kicheko. Mpaka Hafsa alipobeba mimba, na Sadick akarudi siku moja na mafundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Na hawa wageni wako?"

"Mafundi. Tunabadilisha dirisha la chumba cha uani. Hafsa anakaribia kujifungua, joto linamtesa. Naweka la aluminiamu, lina mpira pembeni. Na dari naweka jipsamu, naweka na kiyoyozi. Humo hapiti mbu, halipiti vumbi."

"Na pumzi itapita wapi?"

"Pumzi gani, Bibi?"

"Ya watu."

Sadick akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama vijana wanavyowacheka wazee wanaoogopa lifti. "Kiyoyozi kinapuliza chenyewe, Bibi. Watu wameshasonga mbele, wewe bado uko na kamba na vyuma."

Mafundi wakaingia na mitaimbo. Dirisha lilipong'oka, vile vyuma vya ndani vilianguka sakafuni vizito, kimoja baada ya kingine. Bi Batuli akasimama katikati ya ua, kanga kaifunga kiunoni, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia:

"Chumba hicho kitakuja kula mtu."

Klementi, jirani yao, mtu wa milimani aliyehamia Kivinje kuuza mahindi na mtama, alikuwa akipita na gunia begani. Akasimama. "Toba, Bi mkubwa! Mwanamke ana mimba humo, unatamka neno kama hilo?"

"Nimetamka."

"Bibi, usilete uchuro," Sadick akasema, na sasa kicheko kilikuwa kimemtoka. "Kama ni moshi unaogopa, mkaa hauingii humo. Mke wangu hataota moto kama watu wa zamani."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Basi na mimi naapa. Mguu wangu haukanyagi chumba hicho mpaka dirisha langu lirudi."

Yangeweza kuishia hapo. Kama mtu mmoja angemwuliza, "Bibi, kitakula mtu kwa njia gani?", pengine angesema yale ya gofu na ya kusi. Hakuna aliyeuliza. Na yeye mwenyewe, nani kakwambia kwamba Batuli anamfuata mtu kumweleza?

Hafsa akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Rukia. Bi Batuli alikaa barazani, akaletewa mtoto huko huko akampakata, akamnusa kichwani, akamrudisha. Chumbani hakuingia. Watu walikwisha kuanza kunong'ona. Bibi gani huyu asiyeingia kwa mzazi? Ana nini na chumba hicho? Wengine wakalikumbuka lile neno lake, wakatazamana.

Sadick akarudi kazini kisiwani. Masika yakashuka. Mvua ya mwaka ule haikuwa ya kunyesha na kuacha, ilikuwa ya kukaa. Umeme ukawa unakatika, kiyoyozi kikanyamaza ukutani kama jino bovu. Bi Batuli alikisikia kikinyamaza. Usiku alilala macho wazi chumbani kwake, chini ya dirisha lake la mbao, akisikiliza upande wa uani. Hakujua anasikiliza nini.

Mkandaji wa wazazi pale mtaani ni Mastura. Yeye ndiye huwakanda kwa maji ya moto, huwafunga tumbo, huwafukizia ubani. Wazazi aliowakanda hawana hesabu, katika vibanda vya makuti na katika nyumba za mawe, na hakuna hata mmoja aliyemharibikia mkononi. Siku ile alimkuta Hafsa anatetemeka. Baridi ya mvua imemwingia, na kila mwanamke wa pwani anajua baridi ikimwingia mzazi humfuata mpaka uzeeni. Mastura akafanya alivyofanya siku zote. Akatia jiko la mkaa uvunguni, akabana mlango, akaziba chini kwa kitambaa ili upepo usimguse mzazi. Katika vyumba vyote vya maisha yake palikuwa na makuti yenye upenyo au dirisha la mbao lisilofungika sawasawa, naye hakuwahi kulihesabu hilo kuwa ni sehemu ya kazi. Atajuaje?

Bi Batuli alikuwa barazani anachagua mchele, ndani hakuna mwingine. Alimwona Mastura akipita kuelekea uani na kifurushi mkononi.

"Nakwenda kumfukizia mke mwenzio," Mastura akasema.

"Haya. Mwambie asikujambie."

Mastura akaenda anacheka.

Saa ya alasiri ikaingia, mvua ikazidi. Bi Batuli akaendelea na mchele wake. Halafu mkono ukasimama juu ya ungo, naye hakujua kwa nini umesimama. Akanyoosha shingo. Akanusa.

Zamani, mzazi akifukiziwa katika nyumba ile, ubani ulitoka kwa jicho la juu ukashuka mpaka njiani. Mpita njia hakuwa na haja ya kuambiwa, alinusa akasema, "Hongereni wenyewe." Sasa Mastura ameingia na ubani muda mrefu, na nje hakuna harufu. Hata chembe. Mvua tu na udongo.

Kama harufu haitoki, imekwenda wapi?

Kisha wazo la pili likamjia polepole, baridi, kama maji yanayoingia kwa chini ya mlango. Ubani hauwaki wenyewe. Ubani unataka kaa la moto.

Na mtoto. Kila alasiri Rukia hulia, ndiyo saa yake. Leo hajalia.

Ungo ukamwagika. Bi Batuli akakata ua kwa miguu mitupu, mvua inampiga, akafika mlangoni. Hapo akasimama, maana alikuwa ameapa, na kiapo cha Batuli watu walikijua. Akagonga.

"Hodi! Mastura!"

Akagonga tena. Halafu sauti ya Mastura ikaja, nzito, ya kuvuta, kama ya mtu aliyelewa.

"Karibu... Bi Batuli... wote wamelala."

"Mtoto je?"

"Amelala. Wamelala vizuri... kichwa tu ndio kinanigonga... na mimi naona usingizi..."

Mastura akacheka kidogo humo ndani. Kicheko kile ndicho kilichomtia Bi Batuli hofu kuliko kitu chochote alichowahi kusikia katika nyumba ile.

"Mastura, fungua komeo."

"Miguu haitaki," Mastura akasema, taratibu kabisa, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Baada ya hapo hakusema tena.

Mchi ulikuwa umeegemezwa kando ya kinu. Bi Batuli akaubeba. Dirishani palikuwa na nondo, akaupitisha mchi kati ya nondo na nondo, akausukuma kwa nguvu zake zote za kizee. Kioo kikapasuka chini. Akauinua akapasua na juu. Akapiga tena juu, tena chini, huku anapiga ukelele. Hewa iliyomjia usoni ilikuwa ya moto, tamu kwa ubani, na nyuma ya utamu ule hapakuwa na kitu. Hakuna moshi, hakuna harufu mbaya.

Klementi akaja mbio, tope mpaka magotini. "Kuna nini, Bi mkubwa? Umeingiwa na nini?"

"Vunja mlango!"

"Mlango wa watu..."

"Nimekwambia vunja, au unataka nikupige wewe?"

Klementi akaupiga teke mara ya kwanza na ya pili, komeo likang'oka. Bi Batuli akaingia. Kiapo alikikanyaga hapo kizingitini, wala hakukitazama. Hafsa alikuwa chali kitandani, mashavu yamemwiva, mekundu, mazuri. Nyuso za lile gofu la jirani ambazo Batuli hakuwahi kuziona, sasa aliziona. Mtoto alikuwa ubavuni mwa mama yake, mlegevu kama nguo iliyolowa.

Akamnyakua. Akatoka naye uani, akamweka uso juu mvuani, akampulizia puani, akamkuna nyayo kwa kucha. "Rukia! We Rukia! Usinifanyie hivyo!" Nyuma yake Klementi alikuwa akimburuta Hafsa kwa kwapa, kisha akarudi kumfuata Mastura aliyekuwa amekunjika karibu na mlango. Matone yalimdunda mtoto kwenye kope. Hakuna kitu. Bi Batuli akampuliza tena. Mdomo mdogo ukajikunja, ukaacha, ukajikunja tena, na ukatoka mlio mwembamba kama wa kifaranga.

Bajaji ikapatikana. Hospitalini wakawekewa hewa ya mtungi, wote watatu. Muuguzi akawaambia ni sumu ya mkaa, haina rangi wala harufu, inaingia kama usingizi, na kwamba wangechelewa kidogo tu leo wangekuwa wanatafuta sanda.

Hayo aliyasema muuguzi. Mtaani yakasemwa mengine. Alisema chumba kitakula mtu, na kimetaka kula. Aliapa haingii, na siku hiyohiyo akaingia. Alikuwa mbele barazani, kajuaje ya uani? Mzee kama yule, kavunja vioo vizito kwa nguvu za nani?

Sadick akapata boti ya kwanza, akaja moja kwa moja hospitalini. Akamkumbatia mkewe, akamshika mwanawe. Kisha akamgeukia bibi yake, na macho yake hayakuwa yale ya siku zote.

"Bibi. Ulijuaje?"

Bi Batuli akamtazama. Huyu ndiye aliyemfuta makamasi. Akaona swali lile lina mlango wa nyuma, na huko nyuma limesimama neno uchawi.

"Nimejua," akasema.

Waliporuhusiwa, akaja mama yake Hafsa kutoka Kitomanga na gari la kukodi. Shamimu ni mwanamke wa maneno machache na uso mgumu. Hakuingia ndani ya nyumba. Alisimama mlangoni mwa gari, akamwongoza binti yake aingie, akampokea mjukuu akamfunika shuka mpaka usoni, kama anayemficha.

"Arobaini atamalizia kwetu," akamwambia Sadick. "Hapa pana macho."

Bi Batuli alikuwa barazani. Alisikia. Hakujitetea, wala Shamimu hakumsalimu. Lakini wakati dereva anazunguka kuwasha gari, bibi akaita:

"Shamimu! Chumba mnachompeleka kina dirisha gani?"

Shamimu akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za siri. "La vioo. Kaka yake ametengeneza vizuri, hata sisimizi hapiti."

"Na moto?"

"Kwetu mzazi anaota moto. Kilichompata hapa si moto, na wewe unakijua."

Ndani ya gari Hafsa akasema kwa sauti ya chini, "Mama, muuguzi alisema..."

"Nyamaza wewe, una homa."

Bi Batuli akashuka barazani. Watu waliokuwa wamesimama kando wakapisha njia, na namna walivyopisha haikuwa ya heshima tu. Akaenda mpaka gari, akaushika mlango.

"Shamimu, nakuomba," akasema. Sadick akageuza kichwa, maana neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa bibi yake. "Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Usiwashe mkaa humo. Na kama utawasha, acha dirisha wazi, juu na chini. Mkaa unakula pumzi ya chumba. Ukishaimaliza, unakula ya watu. Si jini, si mimi. Unaniona mchawi, niite mchawi, lakini acha dirisha wazi."

Shamimu akapanda, akavuta mlango. "Tumesikia. Dereva, twende."

Alisema tumesikia kama watu wanavyomwambia mwendawazimu. Bi Batuli aliitambua sauti ile. Aliwahi kuitumia mwenyewe.

Hakuuachia mlango. Akaufungua zaidi, akapandisha mguu mmoja, akajishika kwenye kiti, akapandisha wa pili. Akamsukuma Shamimu kwa nyonga akaketi katikati yake na Hafsa, miguu mitupu, kanga ya barazani, bila hata kufunga nyumba.

"Hakuna nafasi humu!" Shamimu akapiga kelele. "Nani kakualika?"

"Hakuna. Nasogea kwa nani, kwako au kwa mke mwenzangu?"

Hafsa akasogea. Shamimu akamwita Sadick amtoe bibi yake. Sadick akasimama pale njiani, anatazama huku na huku, mikono inaning'inia.

"Bibi," akasema hatimaye, "utarudi lini?"

"Muulize mwenye mkaa," Bi Batuli akasema, akaifunua shuka kidogo usoni mwa mtoto.